Cheti kina mihuri mitano, lakini nani alikuona ukifundisha?

Wasee, leo tuongee kuhusu hizi kozi za TEFL, zile za kukufanya mwalimu wa Kiingereza kwa wageni. Kama hujawahi kuziona, basi simu yako bado haijagundua kwamba huna kazi. Yangu iligundua kitambo. Nikifungua TikTok tu, matangazo yananifuata kama kanjo anavyomfuata mama mboga: pata cheti, masaa 120, fundisha popote duniani, lipwa kwa dola ukiwa kitandani. Punguzo la asilimia 80, linaisha leo usiku wa manane. Limekuwa likiisha leo usiku wa manane tangu mwaka jana.

Na chini ya kila tangazo kuna ule mstari mmoja: kozi imethibitishwa kimataifa. Kiswahili cha darasani kinaiita ithibati. Hilo ndilo neno nataka tulikamate leo, tuliweke chini, tulipekue mifuko.

Msimamo wangu nauweka hapa mapema ndio usiseme nilikuzungusha. Ithibati nyingi zinazobandikwa kwenye kozi za bei rahisi hazikuambii chochote kuhusu kama unaweza kufundisha. Ithibati ya maana ni ile ambayo nyuma yake kuna mtu aliyekaa akakuona ukifundisha watu halisi, na alikuwa na uwezo wa kukuangusha. Hizo zingine ni mapambo, na mapambo hayafai kuuzwa kwa vijana wanaokopa Fuliza ndio walipie.

Hiyo picha ya mtu amekaa nyuma ya darasa si ngeni kwako. Ulisoma shule ya upili hapa Kenya? Basi unamkumbuka mwalimu wa TP. Kijana wa chuo kikuu, shati limepigwa pasi mpaka linakata, anakuja muhula mmoja na kufundisha kwa bidii kuliko walimu wenyewe. Halafu kuna ile asubuhi anaingia akitokwa na jasho, na nyuma yake mzee mwenye faili anavuta kiti hadi ukutani. Mlikuwa mmepangwa tangu jana yake: anayejua jibu ainue mkono wa kulia, asiyejua ainue wa kushoto, ndio darasa lote lionekane limeiva. Wacheni kujifanya, hata nyinyi mlifanya hivyo.

Yule mzee hakuja kupiga picha. Anaandika. Anaangalia kama wale wa nyuma wameelewa ama wanaitikia tu. Anaangalia mwalimu anafanya nini mtoto akikosea. Na akirudi chuo anaweza kusema huyu bado, arudie. Hiyo ndiyo ithibati ikishuka mpaka kwenye sakafu ya darasa. Mwalimu wa TP anaiogopa kwa sababu ni ya kweli.

Kwa upande wa Kiingereza cha wageni, mfano unaojulikana sana ni CELTA ya Cambridge. Mizizi yake iko London, 1962, wakati John Haycraft wa International House alianzisha kozi ya wiki mbili ya kufundisha watu jinsi ya kufundisha, badala ya kudhani kwamba kila anayeongea Kiingereza tayari ni mwalimu. Leo hiyo kozi ina kama masaa 120 ya kukutana na wakufunzi. Ndani yake kuna masaa sita ya kufundisha wanafunzi halisi, wa viwango viwili tofauti, huku unatazamwa na kupewa maksi. Kuna masaa mengine sita ya kuwatazama walimu wenye uzoefu wakifanya kazi, na insha nne juu yake. Halafu kila kozi inatembelewa na mkaguzi wa nje aliyeidhinishwa na Cambridge, mtu ambaye hali kwenye sahani ya hicho chuo. Trinity College London wana cheti chao, CertTESOL, na muundo ni karibu uleule: masaa sita ya kufundisha, na mtu wa nje lazima afike.

Na nani anawaangalia Cambridge na Trinity? Ofqual, mdhibiti wa mitihani na vyeti kule Uingereza. Vyeti vyote viwili viko kwenye sajili yake, kiwango cha 5, kila kimoja na namba yake. Ona hiyo ngazi: chuo kinaangaliwa, anayekiangalia naye anaangaliwa, na wa juu kabisa anajibu kwa sheria ya nchi. Ukidanganywa, kuna mlango wa kubisha.

Masaa sita si mengi, nakubali. Mwalimu wa TP anafanya muhula mzima na bado anatetemeka. Lakini kati ya sita na sifuri kuna bahari.

Sasa rudi kwenye lile tangazo lako. Bonyeza ile nembo ya dhahabu. Inakupeleka kwa tovuti ya baraza lenye jina refu, lina neno "kimataifa" na lina ramani ya dunia inayozunguka. Tafuta anwani ya ofisi, hakuna. Tafuta majina ya wakaguzi, hakuna. Tafuta walikagua nini, utapata aya moja kuhusu ubora na uadilifu. Tafuta orodha ya kozi walizothibitisha, utapata tatu. Nimeshakutana na baraza la aina hiyo ambalo namba yake ya simu ilikuwa ileile ya huduma kwa wateja ya kozi iliyokuwa imethibitisha. Wahenga walishaliona hili kabla ya intaneti: kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Na hakuna sheria waliyovunja, hiyo ndiyo noma yenyewe. Hakuna chombo kimoja cha dunia kinachosimamia kozi za TEFL. Neno TEFL halina mwenyewe. Mimi nikiamua leo kufungua Baraza Kuu la Kimataifa la Walimu wa Kiingereza la Kayole, ninahitaji tu tovuti, nembo ya simba, na mpwa wangu anayejua kuchora kwa kompyuta. Kusajili kampuni Uingereza ni kazi ya siku moja mtandaoni, kwa hivyo naweza hata kuwa na anwani ya London. River Road walau unapanda ngazi na kuongea na mtu.

Kuna na zile nembo za ukweli zinazotumiwa kwa uongo, na hizi zinanikera zaidi. Utaona wameweka namba ya UKRLP. Hiyo ni orodha ya watoa mafunzo Uingereza, na kuwa ndani yake ni kama jina lako kuwa kwenye kitabu cha simu, hakuna aliyekuja kuangalia unavyofundisha. Utaona ISO 9001. Hiyo inahusu jinsi kampuni inavyoendesha shughuli zake, unaweza kuwa nayo ukiuza mabati. Utaona CPD. Hayo ni mafunzo ya kujiongezea maarifa kazini, kwa mtu ambaye tayari ana taaluma. Hakuna nembo hata moja hapo inayosema wewe umekuwa mwalimu. Lakini ukizipanga tano kwa mstari mmoja chini ya ukurasa, macho yanasoma "serikali".

Na masaa 120? Hiyo namba inafanana sana na ile ya CELTA, na sidhani ni bahati. Tofauti ni kwamba kule masaa yanahesabiwa ukiwa na wakufunzi, huku ni makadirio ya muuzaji. Unafungua ukurasa, unabonyeza, unajibu maswali ya kuchagua, ukikosea unarudia mpaka upate. Wako watu wanajigamba kwamba walimaliza masaa 120 wikendi moja. Wikendi ina masaa 48, buda, na ulilala.

Kuwa mtandaoni si tatizo, msinielewe vibaya. CELTA yenyewe siku hizi inaweza kufanywa mtandaoni, na bado unafundisha wanafunzi halisi kupitia video huku mkufunzi anakutazama. Pia kuna kozi za mtandaoni zilizo kwenye sajili ya Ofqual kwa haki kabisa, kiwango cha 5, lakini hazina hata dakika ya kufundisha mtu. Kiwango kinakuambia masomo ni magumu kiasi gani. Hakikuambii kama ulisimama mbele ya binadamu. Ndiyo maana mpango wa British Council wa kukagua shule za Kiingereza kule Uingereza hauishii kwenye kiwango, unauliza na masaa ya kufundisha ukisimamiwa: angalau sita.

Sasa nije kwa watu wangu, sisi wenye kamera.

Mnajua hizi kozi zinauzwa vipi Kenya? Haziuzwi na vyuo. Zinauzwa na sisi. Nilitumiwa ofa: linki yangu binafsi, msimbo wa punguzo wenye jina langu, na kila mtu akilipa napata kamisheni. Walinitumia hata maneno ya kusema. Nilipaswa kusema kozi "ilibadilisha maisha yangu". Sijawahi kuifanya. Niliuliza maswali mawili: nani anawakagua, na mwanafunzi anafundisha masaa mangapi akitazamwa? Jibu lilikuja haraka, kwamba wanaweza kuongeza kamisheni.

Sikuichukua. Sijitangazi kuwa mtakatifu, nina matangazo mengine hapa ya kunilipia kodi ya nyumba. Lakini kuna tofauti ya kuuzia mtu mafuta ya nywele ambayo hayafanyi kazi na kumuuzia mtoto wa miaka 19 ndoto yenye muhuri. Mafuta ukiyakosea, nywele zinaota. Huyu mwingine aliuza simu ndio alipe, akaweka cheti kwenye CV, akatuma maombi mia moja, na sasa anadhani tatizo ni yeye. Ukiona mtengeneza video anasifia kozi, muulize tu kama analipwa kwa kila kichwa. Akikasirika, umeshajibiwa.

Na kuna kitu ambacho tangazo la "popote duniani" halikuambii kamwe, kwa sababu likikuambia halitauza. Cheti hakibadilishi paspoti. Korea Kusini wana visa ya walimu wa lugha, E-2, na kwa Kiingereza kwa kawaida imetengewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Rudia hiyo orodha polepole ukitafuta Kenya. Wewe umesoma Kiingereza tangu nasari, ni lugha rasmi ya nchi yako kwa mujibu wa Katiba, kifungu cha 7, ulichapwa kwa kuongea lugha ya mama shuleni, ukavalishwa ile diski ya aibu. Na bado hauko. China nayo Julai 2021 ilibana masomo ya ziada na kupiga marufuku kampuni kutumia walimu wa kigeni walio nje ya nchi kufundisha watoto mtandaoni, na soko zima likatikisika. Zile video za "nalipwa na Wachina nikiwa chumbani" nyingine bado zinazunguka mpaka leo, zimepoa kama chapati za jana.

Huo mpango wa nchi saba ni ubaguzi, na nitausema kwa jina lake siku nyingine. Leo hoja yangu ni muuzaji. Anajua uko Kenya, anakulipisha kupitia M-Pesa, na hajakuambia hata mstari mmoja kuhusu paspoti yako.

Wako Wakenya wanaofundisha Kiingereza nje, wazuri sana, nisiwavunje moyo. Ukiwasikiliza, wengi wana digrii ya ualimu ama uzoefu wa darasani, na cheti kilikuja juu ya hayo.

Haya, tumeongea sana kuhusu anayelipia cheti. Mtu ambaye hatumtaji ni anayelipia somo.

Nenda Eastleigh jioni. Panda yale majengo ya maduka, pita nguo, pita simu, ghorofa za juu kuna vyumba vina ubao mweupe na viti vya plastiki. Humo kuna watu kutoka Somalia, Ethiopia, Sudan Kusini, Kongo, wanajifunza Kiingereza. Kuna mama anajifunza ndio aweze kuongea na daktari bila mtoto wake kuwa mkalimani wa mambo ya mwili wake. Kuna kijana anangoja kesi yake ya kuhamishiwa nchi nyingine. Hawa si watu wa kujaribia. Wanalipa kwa pesa waliyoipata kwa shida, na wanamwamini mwalimu kwa sababu kuna cheti kimebandikwa ukutani.

Rafiki yangu alianza kufundisha chumba kimoja cha aina hiyo, na cheti chake cha wikendi kimelaminishwa vizuri. Siku ya kwanza mwanafunzi akamuuliza: kwa nini ni "I live in Nairobi", lakini pia nasikia "I am living in Nairobi"? Rafiki yangu Kiingereza chake ni kizuri, alipata A. Akasimama. Akasema zote ni sawa. Baadaye akasema moja ni ya adabu zaidi. Alibuni pale pale, na watu wazima kumi na wanane wakaandika kwenye madaftari yao kwamba moja ni ya adabu zaidi.

Sio kwamba ni mjinga. Hebu jaribu wewe: mweleze Mjerumani ni lini utasema "nimekula" na ni lini utasema "nilikula". Unajua, haujawahi kukosea hata siku moja. Sasa eleza. Halafu akuulize kwa nini gari "limeharibika" lakini kiti "kimevunjika". Ukifika hapo utaelewa kwamba kuongea lugha ni kitu kimoja na kuifundisha ni kazi nyingine ya mikono, inafunzwa kwa kuifanya ukitazamwa, kama kinyozi. Na sisi wa Nairobi kwa ngeli tusijigambe sana.

Rafiki yangu ameshaboreka, aliomba mwalimu mkongwe wa pale awe anaketi nyuma ya darasa lake kila Ijumaa na kumkosoa. Hakulipa shilingi. Hiyo Ijumaa moja ilimsaidia kuliko cheti chote, na haina nembo.

Najua mtaniambia: hiyo CELTA yako inaweza kupita laki mbili kwa pesa zetu, unataka maskini abaki nje ya mlango? Hilo ndilo swali zito na silikimbii. Kweli, mlango ni mwembamba na umewekwa bei na watu wasiomjua mtoto wa Kayole. Kweli pia kwamba hakuna sababu ya maana kwa nini Mkenya apimwe Cambridge tu. Lakini mtu akikuzuia mlangoni, dawa si kununua picha ya mlango. Na sisi tuna milango yetu. Vyuo vikuu vyetu vinafunza walimu wa Kiingereza kila mwaka, na TP ndani yake. Tuna TSC, ambayo haitakusajili kuwa mwalimu kwa cheti cha TEFL pekee, iwe kimetoka wapi. Vyuo vya ufundi na vya kati viko chini ya TVETA kwa sheria ya 2013, kwa hivyo chuo cha mtaani kikikuambia kimeidhinishwa, omba kuona leseni na uithibitishe huko. Tuna KNQA, mamlaka ya viwango vya vyeti iliyoundwa kwa sheria ya 2014, na kazi yake moja ni kutambua vyeti vya kigeni. Ningependa KNQA iseme wazi, kwa lugha ya mtaani na kwenye hii hii TikTok, ni vyeti gani vya TEFL inavitambua na ni vipi haivitambui. Taarifa moja kama hiyo ingeokoa ganji nyingi kuliko video zangu zote.

Na vyuo vyetu, kwa nini havijatutengenezea kozi fupi, ya bei ya hapa, yenye masaa ya kufundisha pale Eastleigh ama Kakuma, na mzee mwenye faili amekaa nyuma? Wanafunzi wako. Walimu wakongwe waliostaafu wako, wanakunywa chai nyumbani. Viti vya plastiki tayari viko.

Kama unafikiria kulipa wiki hii, ingia kwanza kwenye sajili ya Ofqual. Ni bure, na inakula bando kidogo kuliko hiyo video uliyotoka kuangalia. Andika jina kamili la cheti, si jina la kampuni. Kisipokuwepo, waandikie uwaulize ni nani mwingine wa serikali anayekitambua. Kikiwepo, waulize swali la pili: nitafundisha masaa mangapi, nitawafundisha kina nani, na nani atanitazama? Wakikujibu kwa punguzo lingine, funga ukurasa.

Na kama umeshalipa, usichome cheti kwa hasira. Maliza masomo, sarufi utakayopata humo bado ni sarufi. Kwenye CV kiandike kama kozi fupi ya mtandaoni, usikiite digrii ya kufundisha. Halafu tafuta darasa, la kanisa, la msikiti, la maktaba, la shangazi yako anayetaka Kiingereza cha biashara, na mtafute mwalimu mmoja anayeijua hii kazi aje akae nyuma. Mnunulie chai. Mwambie asikuhurumie.